Tuneli ya Kufungulia Watu

"Mashini ya kompyuta inapiga risasi? Nijibu, mama OPJ. Mashini inapiga risasi?"

"Hapana."

"Basi kaka yangu anafanya nini mu kasho yenu ya wafungwa?"

"Analala. Kunishinda mimi, analala vizuri."

"Usinichekee."

"Sikucheki. Toa mukono ku mulango."

"Sitoi. Walinambia leo munamupeleka jela ya Kindu. Watu tunaowajua walipelekwa kule juu ya kesi ndogo, mpaka leo bibi zao wanapika sahani moja pungufu. Sitoi mukono."

Mwenye kushika mulango ya biro alikuwa Asma, dada mukubwa ya Yakubu. Alitoka Kabambare jana nyuma ya moto, pikipiki ya kukodi, vumbi ya barabara ilikuwa bado mu nyusi zake. Mwenye kumuzuia alikuwa Pascaline, OPJ ya Kasongo, yule wa kuchunguza kesi. Mwanamuke mwembamba, hajui kukaa. Polisi wenzake walisema kiti yake njo kiti mupya kuliko viti vyote vya biro, sababu hakuna siku ilimubeba.

"Sahani ya chakula, mupe santineli, ule mulinzi," Pascaline alisema. "Itamufikia. Weye ngoja hapa inje, ku kivuli. Ukiniachia mulango niko nafanya kazi. Ukinishikia mulango, moto inamubeba kaka yako na miye niko nabishana na weye. Chagua."

Asma alitoa mukono. Lakini hakuenda ku kivuli. Alisimama pale pale mu jua, kama mutu mwenye kungojea deni.

Kesi yenyewe haikuwa ndefu kueleza. Pitchou, mutu ya moto, alipakia dawa ku Kabambare kupeleka kituo ya afya ya Wamaza. Ku daraja wakamupiga risasi, akafa, dawa zikaenda. Wale wezi walijua rangi ya moto, walijua mizigo, walijua siku. Walijuaje? Kulikuwa ukurasa moja ya kujificha ku internet, jina yake Habari ya Barabara, na ndani yake mutu alikuwa anaandika nani anapita wapi na nini. Ukurasa ile haifunguki na telefone hivi hivi. Inafunguka tu na programu yenye kuchimba tuneli, na tuneli zile zinaficha mwenye kusoma, zinaficha na mwenye kuandika. Polisi waliijua sababu mwizi moja aliangusha telefone yake mu majani karibu na daraja. Nyuma ya telefone ile kulikuwa kikaratasi cha gundi: Yakubu, Matengenezo, Soko ya Kasongo.

Njo ile kikaratasi ilimuleta Yakubu mu kasho.

Ndani ya biro komanda Théophile alikuwa amekalia pembe ya meza, anacheza na telefone yake.

"Moto iko na mafuta," alisema. "Sala ya saa saba ikiisha, anaenda. Kindu wanamungoja. Nilishawaambia tumemukamata."

"Tumekamata mutu. Hatujakamata mwenye ukurasa."

"Mutu ya mashini mu Kasongo ni nani? Ni yeye. Programu ile nani anaijua? Ni yeye. Pascaline, unatafuta nini tena, aandike ku paji ya uso?"

"Nipe mpaka sala."

"Chukua. Sala haiko mbali."

Wakamuleta Yakubu. Kijana mufupi, vidole virefu, tishati imegeuka rangi ya kasho. Kabla ya kuangalia komanda aliangalia mashini yake, ile walimunyanganya, ilikuwa ku meza imefungwa na nyuzi ya panno ya jua.

"Hamukuipiga mateke?" aliuliza.

"Kaa," Pascaline alisema. Akamufungua pingu mukono moja. "Miye ninajua WhatsApp, basi. Utanieleza hizi tuneli kama unamueleza mutu mwenye kasirani."

"Kweli uko nayo, kasirani."

"Sana. Anza."

Yakubu akafungua mashini. Ikatokea ukurasa yenye kugawanyika mara mbili, orodha ya juu na orodha ya chini.

"Kuna tuneli za namna mbili, mama OPJ. Hizi za chini ni za kliyan. Unafungua ya kliyan kama unataka kwenda kwa mutu. Unatoka kwako, unapitia kwa huyu, kwa yule, kwa mwingine, na kila mutu anajua tu yule wa nyuma yake na yule wa mbele. Ukifika, mwenye nyumba hajui umetoka wapi. Hizi za juu ni za serveri. Hiyo unafungua kama unataka watu wakuje kwako. Wanafika, wanasoma, wanarudi, na hawajui walifika wapi."

"Kama mama mwenye kuuza pombe ya lutuku mu nyuma ya parsele," Pascaline alisema. "Wote wamekunywa, hakuna mwenye kujua nyumba."

"Miye sikunywake, lakini njo vile."

"Kwa hiyo mwenye kusoma anataka ya chini."

"Ya chini inamutosha."

"Na mwenye kuandika, ya juu."

Komanda alikuwa tayari amesimama, amepeleka kidole chake kinene ku kioo ya mashini, ku orodha ya juu. Kulikuwa mustari moja pale. Jina yake Duka. Mbele yake kinyota chekundu.

"Na hii ni nini? Hii si ya juu?"

"Ni ya juu," Yakubu alisema.

"Ni ya serveri?"

"Ni ya serveri. Lakini imelala, komanda. Nyekundu maana yake imelala."

"Mutu ya Kindu alinambia ku telefone: mwenye tuneli ya serveri njo mwenye nyumba. Pascaline, umesikia. Tumemaliza."

Pascaline alikuwa anazunguka meza. Alizunguka, akarudi. "Ifungue. Ionyeshe ndani kuna nini."

Ndani kulikuwa nafasi za kujaza: jina ya tuneli, mashini gani inapeleka watu, mulango nambari gani ya mashini ile, na chini kabisa adresi ya nyumba, herufi ndefu kama mutoto amekalia vibonyezo vya klavye. Pascaline akatoa telefone ya mwizi mu mufuko ya nailo, akatafuta adresi ya Habari ya Barabara. Akaanza kusoma kwa sauti, herufi moja moja, na Yakubu akafuata na kidole ku kioo. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Walifika katikati, Yakubu akatoa kidole.

"Endelea," Pascaline alisema.

"Hakuna faida. Ni ile ile."

Inje kulipita moto, kisha ikanyamaza. Komanda alikunja mikono, uso yake ya mutu mwenye kushinda mupira.

"Nyumba niliijenga miye," Yakubu alisema. "Sikuikalia. Mutu alikuja mbele ya Ramazani, akasema anataka ukurasa ya wafanyabiashara, barabara gani imeharibika, daraja gani imeanguka, na hataki askari wa vizuizi wajue nani anaandika. Nikaona ni kitu muzuri. Nikamujazia tuneli hapa, nikaijaribu, kisha nikamupa kle, ufunguo yake."

"Ulimupa kle ya nini?" komanda akauliza. "Ya nyumba gani?"

"Kle ya tuneli. Iko ndani ya kle."

"Kle iko ndani ya kle."

"Kle ile ya kuchomeka ku mashini, komanda. Ya kubeba mafaili. Ndani yake niliweka faili, na faili ile njo kle ya adresi. Mwenye kuwa nayo anaweza kusimamisha nyumba ile ile fasi yoyote. Kasongo, Kabambare, Ulaya. Anaichomeka, anafungua tuneli ya serveri, adresi inamufuata. Yangu hapa nilibakisha sababu akiharibu yake anirudilie."

"Umesikia, Pascaline? Nyumba inatembea."

"Nasikia. Yakubu, jina ya huyu mutu."

"Sijui jina."

"Ulikaa naye, ukamujengea, ukamupa kle ndani ya kle, na jina hujui."

"Ni mutu ya Kabambare. Sijui jina."

Alisema vile akiangalia klavye. Alikuwa mutu mwenye kufungua telefone na kuirudisha bila kubakisha hata skrubu moja, lakini uongo hakujua kuufunga.

Pascaline hakumusukuma. Aligonga meza na kidole, mara, mara. "Muzuri. Sasa nipeleke kule. Chimba ya chini, ya kliyan. Nataka kuona hii nyumba na macho yangu, na ya kwako ibaki imelala."

"Naweza kufungua na ile ya kawaida..."

"Nataka mupya. Nione vile unafanya."

Yakubu akabonyeza. Ikatokea nafasi zingine za kujaza.

"Namna yake?"

"Kliyan."

"Jina?"

Pascaline akafikiri. "Andika Pitchou."

Yakubu akaandika Pitchou. Vidole vilikwenda polepole ku jina ile.

"Hapa ninaweka mulango ya mashini yangu, nambari yenye haina mutu. Hapa adresi ya kule tunaenda. Hapa inauliza tupitie kwa watu wangapi njiani. Tukiweka wengi tunajificha zaidi lakini inakawia."

"Weka kidogo. Miye sijifichi."

Akabonyeza kuanza. Kinyota kikawa cha manjano, kikabaki vile. Rezo ya internet ya Kasongo siku ile ilikuwa inapumua kama muzee mwenye kupanda kilima. Pascaline alikwenda mpaka dirisha, akarudi, akaenda tena. Aliona Asma amesimama pale pale, kitambaa juu ya kichwa, anaangalia moto yenye kungojea. Komanda akapiga miayo. Manjano. Pascaline akamwaga maji mu gilasi, hakukunywa. Manjano.

"Imekufa?" aliuliza.

"Inatafuta njia. Ukiitingisha inaanza upya."

"Sijaigusa."

"Ninasema sababu unaiangalia vibaya."

Komanda akacheka, akakumbuka huyu ni mufungwa, akaacha. Kinyota kikageuka kijani.

Ukurasa ikafunguka. Haikuwa na picha, haikuwa na rangi. Habari ya Barabara juu, na chini mistari, kila mustari na tarehe na saa.

"Iko hai," Pascaline alisema. "Na tuneli yako ya juu ni nyekundu. Mashini yako ilikuwa hapa imezimwa tangu tukushike, na nyumba iko hai. Kuna mutu anaishikilia."

"Rafiki yake," komanda alisema. "Wako wawili. Kindu watamupata na wa pili. Soma ya Pitchou, usome saa."

Pascaline akashuka mpaka kuipata. Moto nyekundu, dawa ya Wamaza, inatoka leo, hana mwenzake. Mbele ya mustari: siku ile ya Pitchou, 02:10.

"Mbili na dakika kumi ya mashini," komanda alisema, "kwetu ni saa nane ya usiku. Saa nane ya usiku Kasongo muzima inalala. Nani alikuwa macho? Santineli ya soko aliniapia, taa ilikuwa ndani ya duka ya Yakubu. Unasemaje, kijana?"

"Nilikuwa natengeneza redio ya musikiti. Walikuwa na haja nayo."

"Peke yako."

"Peke yangu. Redio haisemi."

Ilikuwa jibu muzuri, na halikumusaidia kitu. Pascaline alipandisha tena mistari mpaka juu kabisa, kuona mwandishi anafanya nini sasa. Mustari ya juu ilikuwa ya leo. Kamyo ya chumvi imezama mu matope barabara ya Kabambare, iko peke yake, shofere ametuma konvoyere, musaidizi wake, kutafuta watu. Mbele yake: 03:05.

"Komanda, hii unaijua?"

"Najua. Shofere aliniita. Nimeshatuma polisi wawili na moto kuilinda." Aliinama, akasoma. "Aliniita saa tatu, hata hapa wameandika tatu. Iko sawa. Hawa watu wanapata habari mbio kama sisi."

Pascaline akasimama. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile miguu yake haikuenda popote.

"Rudilia," alisema.

"Nini?"

"Vile umesema."

"Aliniita saa tatu. Hapa ni tatu. Kuna nini?"

"Alikuita saa tatu ya asubuhi. Jua iko juu, watu wako kazini."

"Basi ya lini? Kamyo ilitoka hapa kumepambazuka."

"Na ya Pitchou, ulisema mbili ya mashini ni saa nane ya usiku. Sasa tatu ya mashini ni saa ngapi kwetu?"

Komanda akafungua kinywa. Alihesabu na vidole, hakuficha. "Saa tisa," alisema. "Saa tisa ya usiku."

"Saa tisa ya usiku kamyo ile ilikuwa mbele ya dirisha yangu ku parking. Walikuwa wanapakia chumvi wakiimba, sikulala. Haijatoka, haijazama. Mutu anaandikaje kama imezama?"

Yakubu alikuwa amesogeza uso karibu na kioo, ameanza kufikiri kama fundi, amesahau pingu yenye kuning'inia ku mukono yake.

"Mashini yake iko nyuma," alisema. "Iko nyuma ya saa ya kweli, sana."

"Tuneli inakubali? Saa ikiharibika, tuneli haikatai?"

"Programu ya tuneli inauliza saa kwa rezo, inajipanga yenyewe ndani. Haijali. Lakini ukurasa inachukua saa ya mashini, ile mutu aliiweka na mukono yake. Wakati ya kutengeneza ile, mashini inauliza saa ngapi sasa. Mutu anaangalia inje..." Alikata.

"Anaangalia inje," Pascaline akamalizia, "anaona ni saa tatu ya asubuhi. Anaandika tatu. Kama anavyosema na kinywa. Kama komanda alivyosema sasa hivi."

"Mimi nilikosa," komanda alisema.

"Hukukosa, komanda. Ulisema Kiswahili. Na yeye aliandika Kiswahili." Akashuka tena mpaka mustari ya Pitchou, akaweka ukucha juu yake. "Basi hii si saa nane ya usiku. Ni saa mbili ya asubuhi. Pitchou yuko anapakia, mutu anamuona, anaandika. Inalingana. Nani anaandika moto nyekundu inatoka leo, usiku, wakati Pitchou hajaamuka?"

Komanda akarudi ku pembe ya meza. Hakuwa mutu mubaya, alikuwa mutu mwenye haraka. "Saa mbili ya asubuhi," alisema polepole. "Bado anaweza kuwa yeye. Yuko na duka, yuko na mashini."

"Siku ile ya Pitchou, asubuhi, kioo ya telefone yako ilikuwa na hali gani?"

Mukono ya komanda ulikwenda wenyewe mu mufuko.

"Ilikuwa imepasuka," Pascaline alisema. "Ulikuwa unakata vidole ukipiga simu. Nani alikaa ku kiti hii hii, tangu kufungua biro mpaka saa ine, akiiweka mupya?"

Komanda akamuangalia Yakubu. Yakubu akaangalia chini, akizuia kucheka.

"Ulinambia ungenipa chai," alimwambia komanda. "Haikufika."

"Nyamaza," komanda alisema, lakini sauti haikuwa na uzito. Akatoka ku meza, akaenda mulangoni, akamuambia mutu ya moto azime. Akarudi. "Muzuri. Si yeye mwenye kuandika. Lakini anajua ni nani. Aseme jina, aende kwao. Mimi nitaita Kindu, nitakula aibu yangu."

Pascaline akavuta kiti, akakaa. Santineli mwenye kupita ku dirisha alisimama kuona vizuri.

"Umesikia. Umetoka mu hii kesi. Inabaki neno moja. Nani mu Kabambare anaweka saa ya mashini kama ya kinywa? Watu wote tunasema saa tatu na saa inaonyesha tisa, tumezoea tangu utoto, hatukosi. Huyu mutu hakukosa pia. Huyu hataki. Ni tabia. Mutu mwenye tabia kama hiyo unamukumbuka."

Yakubu alishusha kifuniko ya mashini. Kicheko kilikuwa kimetoka usoni mwake chote. Akachukua pingu yenye kuning'inia, akairudisha yeye mwenyewe ku mukono ingine, ikalia tiki.

"Munipeleke Kindu," alisema.

"Nini?"

"Munipeleke. Nyumba niliijenga miye. Mutu alikufa. Nitasema Kindu kama ni miye."

"Saa mbili ulikuwa hapa."

"Nitasema nilimutuma mutu. Mama OPJ, muniache niende. Moto iko na mafuta."

Komanda alimuangalia kama mutu mwenye malaria. Pascaline akageuza sikio ku dirisha. Alisikiliza. Inje Asma alikuwa anabishana na santineli, anamuambia kaka yake hali pilipili, na ameiweka pembeni ya sahani makusudi, kwa hiyo kama sahani itarudi bila pilipili atajua ni nani amekula. Yakubu pia alikuwa anasikiliza sauti ile. Alipoona Pascaline anamuona, akageuza uso ku ukuta.

Pascaline akasimama, akatoka.

Jua ilikuwa inashuka wima juu ya biro. Santineli alimuona anavyokuja, akaenda kutafuta kazi upande mwingine.

"Wanamupeleka?" Asma aliuliza.

"Bado. Kwako Kabambare, ku ukuta, kuna saa?"

"Saa gani?"

"Saa ya kuangalia. Ya ukutani."

"Iko. Nyumba gani haina saa? Weye nakuuliza kaka yangu, unaniuliza saa."

"Jua ikitoka inasema ngapi?"

"Kumi na mbili. Jua inatoka saa ngapi kwenu Kasongo?"

"Sote tunasema kumi na mbili. Lakini kwangu, ku ukuta, mushale iko ku sita. Kwako iko wapi?"

Asma alianza kujibu mbio, kama alivyojibu yote, kisha neno likakaa mu kinywa. Aliangalia dirisha ya biro. Kutoka pale aliweza kuona bega ya Yakubu na ukuta yenye alikuwa ameigeukia.

"Yetu inasema kile tunasema," alisema. "Iko ku kumi na mbili. Bwana yangu hataki saa yenye kubishana na kinywa yake. Anasema babu yake alikuwa anahesabu siku tangu jua inatoka, hakuna Mubeleji alimugeuza, na yeye hatageuka. Alizipanga zote. Ya ukutani. Ya telefone yangu, mpaka miye nikairudisha sababu ilikuwa inanichanganya. Ya..."

"Ya mashini," Pascaline alisema.

"Alisema ni ya kufuata bei ya mahindi."

"Abdallah."

"Njo jina yake. Unaijua jina ya bwana yangu?"

"Iko ku kitambulisho chako, mama. Nilisoma ulipoingia. Sikujua kama nitaihitaji."

Kukapita baiskeli yenye kubeba mikungu ya ndizi, mwenye kuisukuma akawasalimia wote wawili.

"Alikuja hapa mbele ya Ramazani?"

"Alikuja. Alisema anamutembelea shemeji yake. Nikamupa mafuta ya mawese amupelekee." Asma alipanguza uso na kitambaa, vumbi ikabaki mistari. "Pitchou alipakia mbele ya nyumba yetu. Nilimupa chai miye mwenyewe, ku baraza. Abdallah alimusaidia kufunga kamba. Kisha akaingia ndani."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili. Chai ya saa mbili." Alimuangalia Pascaline mu macho. "Na kama sisemi? Kama ninasema saa yetu iko ku sita kama yako?"

"Basi sina kitu. Na Yakubu ameniomba nimupeleke Kindu. Amejifunga pingu na mukono yake. Anasema atakubali yote."

"Kwa sababu gani?"

Pascaline aligeuka, akaangalia bega ya Yakubu ku dirisha. Asma naye akaiangalia.

"Mupumbavu," Asma alisema, polepole sana. "Tangu mudogo. Alikuwa anapigwa fimbo za makosa yangu." Kisha akasema: "Watoto wangu wako kule. Wako na yeye."

"Nitakwenda miye mwenyewe, leo, na polisi wasio na kelele. Watoto hawataona bunduki."

"Usiniahidi kitu hujui."

"Basi sikuahidi. Nitajaribu."

Asma akakubali na kichwa. Ile aliweza kuiamini. Akapeleka mukono ndani ya kikwembe, ku kiuno, akafungua fundo, akatoa telefone yake ndogo ya vibonyezo. Aliishika kidogo. Kidole gumba kilikwenda juu ya vibonyezo chenyewe, kikasimama. Akaipeleka mbele.

"Chukua."

"Sikukuuliza telefone."

"Chukua, nakuambia. Ikibaki kwangu nitamuita. Nikimuita atakimbia. Akikimbia, kaka yangu ataenda."

Pascaline akaipokea. Ilikuwa na joto, ya mwili.

"Yakubu anatoka sasa hivi," alisema. "Namufungua, anakuja. Ngoja umuone."

"Akitoka ataniangalia, atajua nimesema jina yenye aliificha juu yangu," Asma alisema.

Akafunga kikwembe upya, akakaza sana, akageuka, akashika njia ya soko katikati ya moto na baiskeli, bila kuangalia nyuma.